Somo Juu ya Nyimbo Zetu, Mashine Zihesabuzo, na Jina la Mtungaji

Mara nyingi twaulizwa na walimu wa mitaa na viongozi wa kwaya swali hili: Je, ni kweli kwamba siku hizi wimbo ukisikilizwa katika simu ya mtu aliye mbali, mwenye wimbo hupata fedha? Na kama ni kweli, mbona sisi hatuzioni? Swali ni jema. Nasi hatukulitafuta jambo hili, bali lenyewe lilitufikia hapa Kinyerezi, likatusumbua kwa miaka kadha wa kadha. Kwa hiyo twataka kulieleza taratibu, tukianza na habari yetu wenyewe.

Walioijua Kinyerezi zamani wakumbuka mashamba ya mihogo, mikorosho, na njia ya mchanga itokayo Segerea. Leo iko mitambo miwili mikubwa ya umeme wa gesi, na nyumba zimepanda juu ya kila kilima. Kati ya watu waliokuja kujenga mapema alikuwako mwalimu mmoja, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa jamaa zake wametuomba tusimtaje. Mwalimu huyu alikuwa na kipawa cha kutunga. Kinanda hakukijua. Alitunga akitembea kwa miguu, kisha usiku akaandika kwa nota za do-re-mi katika daftari la shule, sauti zote nne, kwa penseli. Nyimbo zake ziliimbwa chini ya mwembe kabla jengo halijaezekwa.

Alifariki mwaka 2009. Mwaka 2011 kwaya ikachanga fedha, ikaenda studio mjini, ikarekodi nyimbo zake 8. Juu ya jalada la CD ile yaliandikwa jina la kwaya, jina la mwenyekiti, jina la studio, na namba tatu za simu. Jina la mtungaji halikuandikwa. Hakuna aliyekusudia mabaya. Watu wote walijua ni nyimbo za nani, na jambo lijulikanalo na wote watu hawaoni haja ya kuliandika. Hapo ndipo tulipokosea, nasi hatukujua mpaka miaka kumi ilipopita.

Sasa yafaa tueleze maneno. Leseni ni ruhusa ya kutumia kazi ya mtu mwingine, ruhusa yenye masharti yake. Mrabaha ni fungu la fedha limpasalo mwenye kazi kila mara kazi yake itumiwapo. Mrabaha si bei. Mtu akiuza mbuzi, amekwisha kumuuza. Lakini mtunga wimbo ni kama mwenye nyumba apangishaye, ambaye nyumba hubaki yake, naye hupata kodi. Wengi wetu hatukuufahamu mfano huu, kwa hiyo tuliuza nyumba kwa kodi ya mwezi mmoja.

Asili ya desturi hii yasimuliwa kutoka Paris, katika mwaka 1847. Mtunzi mmoja, Ernest Bourget, aliketi mkahawani pamoja na wenzake, akasikia wanamuziki wakipiga nyimbo zake na za rafiki zake. Alipoletewa hesabu ya kinywaji akakataa kulipa, akisema: Ninyi mwatumia kazi yangu bure, basi nami nitakunywa bure. Shauri likaenda mahakamani, naye akashinda. Mwaka 1851 watunzi wa Ufaransa wakaunda chama chao, SACEM, cha kutoa leseni na kukusanya mirabaha, maana mtunzi mmoja hawezi kuketi katika kila mkahawa kusikiliza kama wimbo wake unapigwa. Vyama vya namna hii vikaenea duniani, na kazi yao tangu siku ile ni moja, kuwa na masikio mahali ambapo mtunzi mwenyewe hayupo.

Lakini masikio ya watu ni machache. Mashine zilipozidi, muziki ulikwenda mbali kuliko wahesabuji. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi katika sahani za santuri, na sahani zile zikauzwa katika pwani yetu yote. Ilikuwa furaha kubwa, kwa maana sauti ya Kiswahili ilisikika katika nyumba ambazo mwimbaji hakuzikanyaga. Walakini tangu hapo sauti ya mtu iliweza kutengwa na mtu mwenyewe, ikauzwa, ikanunuliwa, ikapigwa, naye asijue.

Huenda wasomaji wengi waujua wimbo uitwao Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha waimbaji wakubwa wa dunia wakauimba, akiwamo Miriam Makeba. Hata hivyo watu zaidi ya mmoja walidai kwamba ndio walioutunga, na ugomvi ule haukuisha hata baada ya Fadhili William kufariki mwaka 2001. Mwaona ya kuwa wimbo uliweza kuzunguka ulimwengu mzima, na bado watu wakaulizana: Ulitungwa na nani? Tutarudi kwa neno hili, kwa kuwa ndilo kiini cha somo letu.

Hapa kwetu Tanzania, kwa miaka mingi baada ya uhuru, mahali pa kurekodi palikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi na kwaya zilikwenda pale, zikarekodi, na malipo makubwa yalikuwa kusikika. Hatusemi hivi kwa dharau, kwa maana bila mikanda ile sehemu kubwa ya muziki wa nchi yetu ingepotea. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1966, lakini sheria isiyo na mkusanyaji ni kama shamba lisilo na mvunaji. Kisha zikaja kaseti. Mtu akinunua kaseti moja na kuwa na redio yenye matundu mawili, alitoa nakala kumi kwa usiku mmoja. Baadaye CD, na kompyuta za kuzichoma. Watungaji wengi walikata tamaa wakaenda kwa wasambazaji wa Kariakoo, wakauza kazi nzima kwa fedha za mara moja, maana walisema heri shilingi iliyo mkononi. Mwaka 1994 nchi yetu iliingia katika Mapatano ya Berne ya kulinda kazi za watunzi, na mwaka 1999 Bunge likatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo ndiyo iliyoleta COSOTA. Mwaka 2013 serikali ikaanza kubandika stempu za kodi juu ya CD za muziki na filamu, ili nakala halali ijulikane na ya wizi. Shauri la stempu lilikuwa jema, ila lilichelewa. Stempu hubandikwa juu ya kitu kinachoshikika, na muziki ulikuwa umekwisha kuanza kuacha kushikika.

Maana tayari wataalamu wa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer, walikuwa wamepata njia ya kuupunguza wimbo uwe mdogo sana ndani ya kompyuta pasipo sikio kutambua upungufu mkubwa. Nao mwaka 1995 waliipa njia hiyo jina la MP3. Kwa sababu ya jambo hili vijana wa Kinyerezi, wenye meza ndogo kando ya kituo cha daladala, wakaweza kumwingizia mtu nyimbo mia katika memori kadi kwa shilingi chache. Twawajua vijana hao. Baadhi yao ni watoto wetu wa kipaimara. Waliimba Jumapili wimbo wa mwalimu, na Jumatatu wakauuza. Hawakuona kosa, nasi hatukuwafundisha.

Sasa tuje kwenye mambo ya siku hizi. YouTube ilianza mwaka 2005. Boomplay ikaanza mwaka 2015 ikienea katika simu za bei nafuu, na mwaka 2021 Spotify ikafika Tanzania. Katika programu hizi msikilizaji hanunui nakala. Hulipa kwa mwezi, au husikiliza bure huku akitangaziwa biashara. Na mashine huandika kila mara wimbo ulipochezwa, saa ngapi, katika nchi gani. Kitu ambacho Bourget alikitafuta kwa masikio yake mwenyewe, leo chafanywa bila mtu kuketi mkahawani.

Vivyo hivyo katika redio. Zamani mtangazaji alipaswa kuandika katika karatasi nyimbo alizopiga, naye aliandika alizokumbuka. Sasa iko mashine ambayo hutwaa sehemu ndogo ya sauti, ikafanya mfano wa alama ya kidole, kisha ikailinganisha na alama zilizo katika ghala yake. Kampuni ya Shazam ya Uingereza iliwafungulia watu kazi ya namna hii mwaka 2002, ambapo mtu alipiga simu, akauinua mkono wenye simu kuelekea spika, akajibiwa jina la wimbo. Mashine za aina hiyo zaweza kusikiliza vituo vingi vya redio usiku na mchana bila kusinzia.

Basi mtu atauliza: Kama kuhesabu kumekuwa rahisi hivi, yaani fedha zakwama wapi? Ndugu, hapa sikilizeni vizuri. Mashine hujua kuhesabu, lakini haijui mtu. Yenyewe hulijua jina lililoandikwa tu. Pasipoandikwa jina, huhesabu vizuri kabisa, kisha fedha huzunguka pasipo mwenyewe. Na likiandikwa jina la mwingine, huyo mwingine hulipwa kwa uaminifu mkubwa. Taabu ya zamani ilikuwa kukosa hesabu. Taabu ya sasa ni kukosa majina.

Wala msidhani ni taabu ya Afrika peke yake. Huko Marekani, mwezi wa Februari 2021, makampuni ya muziki wa intaneti yalikabidhi kwa ofisi moja mpya ya kukusanya mirabaha dola milioni 424, ambazo zilikuwa zimelala kwa kuwa wenyewe hawakutambulikana. Ikiwa katika nchi yenye mawakili wengi na kompyuta nyingi kiasi kile watunzi hawakujulikana, sembuse sisi tulioacha jina la mwalimu nje ya jalada?

Twarudi sasa kwa habari yetu. Mwaka 2016 kijana mmoja wa kwaya, mwenye bidii, aliweka nyimbo zile YouTube kwa akaunti yake mwenyewe. Mwaka 2018 akahamishiwa kazi mkoani, simu ikaibiwa, neno la siri likasahauliwa, na akaunti ikabaki kama nyumba iliyofungwa na ufunguo kutupwa kisimani. Mwaka 2021 tukaamua kuanza upya. Tulitengeneza picha mpya, kwaya ikiwa imevaa majoho mapya, tukaziweka juu ya sauti ile ile ya 2011. Haikupita saa moja tukapata ujumbe kwamba sauti hii ni mali ya mwingine, na mapato yote yatakwenda kwake.

Wanakwaya walistaajabu sana. Mama mmoja wa sauti ya pili alisema, “Hii ni sauti yangu mwenyewe naisikia, nani tena mwenye nayo?” Tukachunguza. Kumbe mtu mmoja, ambaye hatumtaji, alikuwa ameichukua CD yetu, akaipeleka kwa wasambazaji wa intaneti kwa jina lake, akazibadili nyimbo mbili vichwa. YouTube ina mtambo uitwao Content ID, ulioanza mwaka 2007, ambao huifananisha kila sauti mpya na ghala la sauti zilizokwisha kuandikishwa. Mtambo haukusema uongo. Uliona sauti ni ile ile, ukaangalia nani aliyetangulia kujiandikisha, ukampa yeye.

Tulipinga dai lile. Kanuni yao ni kwamba mwenye kudai ana siku 30 za kujibu, na asipojibu dai huanguka. Sisi tulitayarisha stakabadhi ya studio ya mwaka 2011, CD yenyewe, na picha za kurasa za daftari. Siku zile 30 zilikuwa ndefu. Mtu yule hakujibu, dai likaanguka. Lakini fedha zilizokwisha kwenda hazikurudi, wala hatukujua zilikuwa ngapi.

Katika kulitafuta daftari ndipo tulipokumbuka jambo lililotutia haya. Tulikwenda wajumbe watatu kwa mjane wa mwalimu, huku Kifuru. Tukamwuliza, “Mama, daftari la Mwalimu lipo?” Akasema, “Lipo, wanangu. Nililifunga katika kanga, nikaliweka sandukuni. Tangu azikwe hakuna aliyeliuliza.” Akalitoa, akalikung'uta, akatukabidhi. Kisha akauliza kwa upole, “Nasikia nyimbo zake zinaleta fedha. Ni za kwaya, au na mimi nimo?”

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutalipeleka neno lake kikaoni.

Kabla ya kueleza kikao, inatupasa kufahamu ya kwamba katika wimbo mmoja uliorekodiwa mna mali mbili. Mali ya kwanza ni utunzi, maneno na sauti kama zilivyo katika daftari. Hiyo ni ya mtungaji. Mali ya pili ni rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Nayo huwa ya aliyegharimia kurekodi, na waimbaji wana haki zao ndani yake. Ndiyo maana sheria yetu ikaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki. Utunzi haufi pamoja na mtungaji: sheria ile ya 1999 iliulinda katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki huwaangukia warithi. Tena haki ya mtungaji haihitaji kuandikishwa ili iwepo. Yaanza pale penseli inapogusa karatasi. Kuandikisha ni kwa ajili ya ushahidi, na kwa ajili ya kulipwa.

Walimu wengine wameuliza juu ya nyimbo za kitabuni. Tuni za karne ya Luther hazina mwenyewe leo, kila mtu aweza kuziimba na kuzirekodi. Lakini tafsiri ya karibuni, au mpangilio mpya wa sauti nne, ni kazi ya mtu na yaweza kuwa na mwenyewe. Kwa hiyo msiseme kwamba wimbo ukiwamo katika Mwimbieni Bwana basi kila kitu ndani yake ni cha wote. Kwa upande mwingine msiogope kila onyo la mashine. Mtambo mara nyingi huchanganya kinanda cha kanisa fulani na rekodi ya mpiga kinanda wa Ulaya, kwa kuwa wote wawili wanapiga tuni moja ya kale. Na ninyi mwaweza kupinga kwa haki.

Kikao kile kilikaa tangu saa tisa mpaka taa zikawashwa. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema, “Mwalimu alimtungia Mungu. Hakutunga biashara. Tukianza kugawa fedha tutaivunja kwaya.” Wengi wakaitikia. Ndipo mama mmoja mtunza hazina akasimama, akasema, “Mzee, shikamoo. Na yule aliyeuza nyimbo zetu intaneti miaka yote, yeye alimuuzia Mungu?” Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Nasi twaona kwamba maneno ya mzee yana heshima yake, lakini yalikuja upande usiofaa. Kusamehe ujira ni haki ya aliyeufanyia kazi. Mwalimu angaliweza kuusamehe, na mjane aweza. Kwaya haiwezi kuusamehe kwa niaba yao na huku yenyewe ikiupokea.

Mwisho tukaandika karatasi, ikatiwa sahihi na mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, mjane na mwanawe mkubwa. Utunzi ni wa warithi wa mwalimu. Rekodi ni ya kwaya, wala si ya mtu mmoja. Na kwa sababu fedha zitokazo kwa wasambazaji wa intaneti zilikuwa za upande wa rekodi, na za upande wa utunzi zilikuwa bado, kwaya ikakubali kumpa mjane robo ya kila itakachopokea. Akaunti ikafunguliwa kwa baruapepe ya kwaya, na neno la siri likaandikwa katika bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mtunza hazina, moja katika kasha la usharika. Kila rekodi ilipewa namba yake, ile yenye herufi na tarakimu 12 ambayo kwayo mashine za ulimwengu hutambua rekodi moja na nyingine. Mtu asiidharau namba hiyo. Ni kama namba ya ng'ombe aliyechanganyika na kundi la watu wengine.

Sasa habari za COSOTA. Ofisi hii huandikisha kazi, na kwa miaka mingi yenyewe ilitoa leseni kwa redio, hoteli, na kumbi, ikakusanya mirabaha. Mwezi wa Januari 2022 iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki, na wengi walifurahi, ijapokuwa kila mmoja alipata kidogo. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa, ikaruhusu vyama vya wenye haki wenyewe vikusanye, na COSOTA ibaki msimamizi. Upande wa muziki kuna chama kiitwacho TAMRISO. Tena ikawekwa tozo ya asilimia 1.5 juu ya vyombo vinavyoweza kunakili na kuhifadhi sauti na picha, kwa sababu haiwezekani kumfuata kila kijana mwenye memori kadi, bali kifaa chenyewe chaweza kulipa kidogo kinapoingia nchini. Sisi twaiona njia hii kuwa ya busara kuliko stempu. Hata hivyo tozo nayo ikikusanywa lazima igawiwe kwa majina, nasi twarudi pale pale. Wenye ndugu huko Unguja wafahamu ya kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA.

Kuna jambo lingine la kuwaonya, kwa kuwa watu wengi wametudanganya wakisema kwamba YouTube itajenga kanisa. Programu za muziki kwa kawaida hazilipi bei moja kwa kila mara wimbo uchezwapo. Huweka mapato ya mwezi katika chungu kimoja, kisha hugawa kwa kadiri ya sehemu ya kila mmoja katika hesabu yote ya kusikilizwa. Ikiwa chungu kina shilingi 1,000,000 na nyimbo zote zimesikilizwa mara 1,000,000, nao wimbo wenu mara 200, ninyi mwapata shilingi 200, tena kabla ya msambazaji kukata chake. Hizi ni hesabu za mfano, lakini ndivyo chungu kinavyopakuliwa. Na wakubwa wameweka mlango wa kuingilia. Mwaka 2018 YouTube ilianza kutaka akaunti iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 kabla ya kupata fungu la matangazo yake. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haukufika mara 1,000 katika miezi 12. Kwaya ya mtaa mdogo yaweza kuimba vizuri mno na bado isifike hapo. Hatulipendi jambo hili, kwa maana senti za wadogo hugawanywa kwa waliofika, na wakubwa ndio wanaofika.

Milio ya simu ina shida ya namna nyingine, kwa kuwa fedha hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mwimbaji. Wenzetu wa Kenya waliliona hilo, na mwaka 2022 sheria yao ikaamuru kwamba mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya mlio. Hapa kwetu jambo la milio lilifika mahakamani; mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliwapa ushindi wanamuziki wawili, MwanaFA na AY, wa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 2 dhidi ya kampuni ya simu, na kampuni ikakata rufani. Twalitaja kwa ajili ya jambo moja tu, kwamba waliweza kusimama mbele ya hakimu kwa kuwa majina yao yalikuwa juu ya kazi yao.

Basi, ninyi walimu, mkirudi mtaani ulizeni kwanza habari za daftari. Wimbo ukitungwa, aandikwe mtungaji, mwaka, na mahali. Kama watu wawili wametunga pamoja, waandikwe wote na fungu la kila mmoja, siku ile ile, wakati bado wanapendana. Kabla ya kuingia studio iwepo karatasi isemayo rekodi ni ya nani. Mtu akija na fedha za kununua kazi yote, msikatae wala msikubali siku hiyo. Ombeni mkataba, mkausome nyumbani. Wala kijana mwenye simu nzuri asifanywe kuwa mwenye akaunti ya kwaya, hata awe mwaminifu namna gani, maana waaminifu pia huhama.

Malipo ya kwanza ya nyimbo za mwalimu yalifika baada ya miezi sita. Yalikuwa shilingi 41,300. Robo yake tulimtumia mjane kwa simu, shilingi 10,325, bei ya kilo tatu za mchele hivi. Tulidhani atasikitika. Akatupigia akasema kwamba ujumbe ule ameusoma mara tatu, na hautaufuta, kwa sababu katibu alikuwa ameandika juu yake jina la marehemu mumewe.

Daftari sasa limenakiliwa, na nakala iko katika ofisi ya usharika. Mna nyimbo 31. Ishirini na mbili zina mwandiko wa mwalimu na sahihi yake. Tisa zina mwandiko wa mtu mwingine, kwa wino wa buluu, pasipo jina wala mwaka. Na mmoja katika hizo ni ule ambao huimbwa katika harusi nyingi za Segerea na Tabata, bibi arusi anapoingia. Mjane asema si za mumewe. Alizinakili mgeni mmoja aliyelala kwao siku mbili, akitoka semina ya waimbaji, mnamo mwaka 1998 au 1999. Ikiwa yuko msomaji amjuaye mgeni huyo, au ajuaye kwaya iliyoziimba nyimbo hizo kabla ya mwaka ule, atuandikie. Kwaya haijaziandikisha, wala haitaziandikisha kwa jina lake.